Fahamu: Linux Mint kwenye kompyuta mpakato ya zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, hivyo mashine nyingi nzima kabisa zimeachwa nje. Kuzitupa ni hasara ya bure.

Linux Mint, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, hailipiwi, na toleo lake jepesi la Xfce linaridhika na RAM ya GB 4. Unaiweka kwenye flashi na kuijaribu kabla ya kugusa diski: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kwenye mashine yangu kuukuu, menyu zinafunguka papo hapo, ila kivinjari chenye kurasa nyingi bado kinailemea. Kubadilisha diski kuwa SSD ndiko kulikoichangamsha kweli. Hamisha mafaili yako kwanza. Usakinishaji unaweza kufuta kila kitu.