Baridi Ndiyo Inayosafisha Picha za Nyota



Nilikwenda Kasese kwa mkutano wa tawi. Mkutano ulipokwisha, mwanachama mmoja, fundi wa umeme wa zamu ya usiku, alinionyesha picha za nyota alizopiga kwa kamera ya dijitali. Kila picha aliifungulia lenzi dakika tano, kwa kuwa mwanga wa nyota ni hafifu na lazima ukusanywe polepole. Lakini picha zilijaa chembechembe nyekundu na buluu. "Ndugu Katibu," akaniuliza, "hizi nazo ni nyota?" Sikuwa na jibu. Nimeuliza mafundi, nimesoma, na leo nawaletea niliyoyapata.

Hizo si nyota. Ni joto. Katika kamera ya dijitali hakuna filamu. Kuna kipande cha silikoni kilichogawanywa katika vijumba mamilioni. Mwanga ukiingia katika kijumba hufungua elektroni, na kamera huzihesabu. Taabu ni kwamba joto nalo hufungua elektroni, hata katika giza tupu, na kamera haijui ipi ni ya nyota na ipi ni ya joto. Joto likipanda digrii sita hivi, elektroni hizo huongezeka mara mbili. Piga hesabu: kutoka digrii 0 hadi 30 ni ongezeko la mara 32. Ni kama karakanani: mashine zote zikinguruma, mwenzako akinong'ona humsikii.

Dawa yake ni baridi. Lakini si baridi ya pupa. Fundi wetu aliwahi kuiweka kamera katika friji. Alipoitoa ilitoka jasho kama chupa ya soda, maji yakaingia ndani, ikakaa wiki nzima bila kuwaka.

Kamera zilizoundwa kwa kazi hii hutumia jambo lililogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: umeme ukipita katika maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Upande wa baridi hugusana na silikoni, na feni huondoa joto la upande wa pili. Hivyo silikoni hupoa digrii 30 au zaidi chini ya hewa ya nje, ndani ya chumba kilichozibwa chenye dawa ya kunyonya unyevu.

Asiye na fedha za kamera hiyo asikate tamaa. Apige picha nyingi fupi badala ya moja ndefu, na kamera ipumzike katikati. Kisha afunike lenzi na kupiga picha za giza, kwa muda uleule na katika joto lilelile. Kompyuta huunganisha zile za nyota na kutoa alama za joto zilizoonekana katika zile za giza. Kelele haziishi zote, lakini hupungua sana.

Sasa tutazame wenzetu wa Chile, ambako kuna darubini kubwa za dunia. Kamera ya darubini ya Vera Rubin, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, hupozwa hadi digrii 100 chini ya sifuri. Mitambo ya ALMA, inayopokea mawimbi ya redio kutoka angani katika uwanda wa mita 5,000, hupozwa hadi digrii 269 chini ya sifuri, kwa sababu ileile: joto ni kelele. Huko juu hewa ni nyepesi na pumzi ni haba. Agosti 2013 wafanyakazi wa ALMA waligoma kwa zaidi ya wiki mbili, wakidai mishahara na masharti bora ya kazi. Darubini ikanyamaza. Ndipo ikaonekana kwamba baridi haijiletei yenyewe. Inaletwa na watu.

Na baridi ina hatari yake. Kamera za darubini nyingi hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye digrii 196 chini ya sifuri. Hata hapa Uganda hutumiwa kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Lita moja ikigeuka hewa huwa lita 700 hivi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Katika chumba kilichofungwa hufukuza oksijeni, na mtu huanguka kabla hajajua lolote. Ndugu unayebeba mitungi hiyo, dai glavu, kinga ya macho, madirisha yaliyo wazi na kipimo cha oksijeni. Usiingie peke yako. Mwenzako akianguka, usimkimbilie ndani bila kifaa cha kupumulia. Ita msaada kwanza, tusije tukazika wawili.

Fundi wa Kasese nimempelekea majibu yake. Ameahidi kuleta picha safi mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.