Tumbo la karani wa duara

“Dokta, maharage nimeacha, maziwa nimeacha, dagaa nimeacha. Sasa hata mihogo naona inaanza kunitafuta.”

Aliyesema hivyo ni kijana, karani wa duara moja, yaani shimo la dhahabu, upande wa Nyarugusu, mkoani Geita. Kazi yake ni kukaa juu ya shimo na daftari, akiandika kila mfuko wa mawe unaopanda: saa ngapi, wa nani, wa ngapi, ili siku ya mgao watu wasishikane mashati. Kwa miezi minne tumbo lake lilikuwa likijaa gesi, likinguruma, mara likimkimbiza chooni zamu haijaisha. Kila lilipomvuruga alikumbuka sahani ya mwisho, akakipiga marufuku kilichokuwamo. Alikuwa amebaki na wali mkavu na chai ya rangi.

Kabla ya kuzungumzia chakula nilimpa kikopo, nikamtuma maabara. Huku kwetu tumbo lina washukiwa wengi kabla hujafika jikoni. Miji ya Shinyanga na Kahama hupata maji ya Ziwa Victoria yaliyosafishwa, kutoka chanzo cha Ihelele, lakini kwenye machimbo mengi maji ni ya dumu, na dumu halisemi lilikojazwa. Mtu anayelima mpunga au kuvua anaweza kukaa na kichocho cha tumbo miaka mingi huku akiulaumu mlo wake. Karani yeye alikutwa na giadia. Kimelea hiki huharibu ukuta wa utumbo mwembamba, palepale vilipo vimeng'enya vya sukari ya maziwa. Ndiyo maana hata baada ya dawa, maziwa yanaweza kumsumbua mtu wiki kadhaa, kisha yakamkubali tena. Wapo walioyaacha maisha yao yote kwa kosa la kimelea aliyekwisha kufa.

Alitibiwa, akapata nafuu, lakini tumbo halikutulia kabisa. Hapo ndipo chakula kikaingia.

Mtaani kila kitu huitwa “aleji”, na hilo linatuchanganya. Mzio wa kweli ni kinga ya mwili kumkosea adui: karanga chache tu au kipande cha samaki, na midomo inavimba, vipele vinatoka, pumzi inabana. Huyo asijijaribu nyumbani, akimbizwe hospitali. Tumbo kukataa chakula ni jambo jingine. Utumbo mwembamba umeshindwa kumaliza kukimeng'enya, kilichobaki kinashuka utumbo mpana, bakteria wanakichachusha na kutoa gesi, na sukari iliyosalia inavuta maji. Kiasi ndicho kinachoamua. Ndiyo maana chakula kilekile hakina neno Jumanne, Ijumaa kinakulaza.

Tuanze na maziwa. Mtoto huzaliwa na laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kwa karibu theluthi mbili ya watu duniani, kimeng'enya hicho hupungua wakishakua. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha gramu 50 za laktosi, kisha wakafuatilia sukari ikipanda katika damu. Walikuta mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wengi wa jamii za wafugaji wa ukanda huu kumeng'enya maziwa hata ukubwani, na si yale yale yaliyokwisha kujulikana Ulaya.

Ila usikimbilie kusema: mimi Msukuma, ng'ombe ndio sisi, maziwa yatanifanya nini? Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Na mwenye laktesi haba naye asikate tamaa. Kikombe cha mililita 250 kina kama gramu 12 za laktosi, na wengi wa aina yake hukihimili, hasa kikienda pamoja na chakula. Mgando ni mwepesi zaidi kwao kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari, na wanaendelea na kazi hiyo hata wakifika tumboni.

Maharage hayana habari ya ukoo. Yana sukari ambazo hakuna binadamu mwenye kimeng'enya chake, kwa hiyo kila anayekula maharage anatengeneza gesi. Tunachotofautiana ni kiasi na uvumilivu. Dengu na choroko za Shinyanga ni hivyohivyo. Kuloweka usiku kucha, kumwaga maji yale na kupikia mapya husaidia sana. Lakini mimi simlaumu mama lishe wa machimboni. Anainjika chungu saa 10 alfajiri, maji ananunua kwa dumu, halafu mtaalamu anakuja kumwambia ayamwage!

Ngano ya mandazi na chapati, pamoja na vitunguu, vina sukari za jamii hiyo hiyo. Kiporo cha wali au ugali nacho hubadilika: wanga uliopoa, sehemu yake huwa ngumu kumeng'enywa. Mihogo niitoe kabisa katika kundi hili. Mihogo michungu isiyochachishwa na kukaushwa vizuri kuwa udaga ina sumu ya sianidi, na wakati wa ukame wa mwaka 1985 wilayani Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Sumu hiyo haipimwi kwa kuonjaonja.

Kosa la karani lilikuwa la saa. Laktosi husumbua ndani ya nusu saa hadi saa mbili hivi, ilhali gesi ya maharage inaweza kuchelewa hadi usiku. Anakula maharage saa 7 mchana, dagaa saa 2 usiku, tumbo linaanza saa 3. Nani anaponzeka?

“Mdogo wangu,” nilimwambia, “mawe ya watu unayaandika, tumbo lako unalikisia.”

Alicheka, akageuza daftari nyuma, akapiga mistari: saa, chakula na kiasi, tumbo kuanzia 0 hadi 3, limeanza saa ngapi. Wiki ya kwanza ale kama zamani, kabla hajaacha chochote, na kuandika tu. Huu hapa ukurasa wake. Jumanne: chai ya rangi, mandazi 2, mchana ugali na maharage upawa 1, usiku wali na dagaa, tumbo 0. Ijumaa, siku ya mgao: asubuhi maziwa nusu lita, chapati 3, mchana maharage pawa 3, soda 2, usiku dagaa, tumbo 3, kuanzia saa 4 asubuhi.

Baada ya hapo aliondoa maziwa peke yake kwa wiki mbili, kisha akayarudisha: nusu kikombe, siku mbili mbele kikombe, halafu viwili. Maharage yakafuata kwa mtindo huohuo. Kurudisha ndiko wengi wanakokuruka, na bila huko mlo unazidi kupungua mpaka mtu anadhoofika.

Wengine hulipa pesa nzuri kushika kifaa kiganjani, kikatoa karatasi ya vyakula ishirini vya kuacha. Sijaona sababu ya kukiamini. Hata vile vipimo vya damu vya kinga aina ya IgG dhidi ya vyakula, mara nyingi vinaonyesha tu kwamba umewahi kukila chakula hicho, jambo ulilokuwa unalijua.

Daftari lina mipaka yake. Damu chooni, homa, kuharisha kunakokuamsha usiku, uzito unaoshuka ilhali unakula, au shida mpya baada ya miaka 50: hayo ni ya hospitali. Na anayechoma zebaki aliyeanza kutetemeka mikono aseme anapofika, asisubiri kuulizwa.

Karani alirudi mwezi wa tatu, shavu limejaa kidogo. Maharage upawa mmoja, sawa. Mgando, sawa. Maziwa ya moto hadi kikombe kimoja, nusu lita hapana. Nikamuuliza habari ya dagaa. Akapitisha kidole kwenye kurasa, taratibu, kama anayehakiki mifuko.

“Mara nane, dokta. Sifuri zote.”

Mihogo ameipangia wiki ijayo. Kwanza anamuuliza mama lishe udaga wake unatoka wapi.