Kimbunga, jua na mkongo: habari tatu nilizozichanganya zikanikosesha wateja



Juzi ile meseji imerudi tena. Mteja wangu wa Mombo kanitumia, ile ya kusema leo usiku kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu uzime simu na uiweke mbali na mwili, kuna miale hatari inapita karibu na dunia, eti wamesema NASA na BBC. Imezunguka miaka mingi hii, kila ikirudi inaonekana mpya. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana Mei 2024 mimi mwenyewe niliituma kwenye grupu la wateja wangu na ilinitoa jasho. Wacha niwasimulie, na sayansi yake niieleze kwa jinsi nilivyokuja kuielewa. Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu na fizikia niliikimbia, kwa hiyo usiogope.

Kumbuka kwanza ile Mei ilivyokuwa. Jumamosi tarehe 4, Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Ijumaa tarehe 10 usiku, dunia ikapigwa na dhoruba ya jua, redio zote zinaitangaza. Jumapili tarehe 12, intaneti ikafa nchi nzima. Habari tatu kubwa ndani ya siku nane! Hapa Korogwe mtaani zikawa habari moja. Kuna waliosema kimbunga kimekata intaneti, kuna waliosema jua limeunguza minara, na fundi simu mmoja jirani yangu akaapa kabisa kwamba laini zote za simu zitabadilishwa. Mimi nilikuwa kundi la jua.

Jumamosi tarehe 11 jioni nilisikia redioni kwamba dhoruba ya jua ipo kweli. Dakika chache baadaye ile meseji ya kuzima simu ikaniingilia. Nikaunganisha mwenyewe kichwani: si ndo hii! Nikaituma kwa wateja wote, na juu yake nikaongeza maneno yangu, “jamani hii ni ya kweli, hata redio imesema.” Hayo maneno ya juu ndo yaliyoniponza. Meseji peke yake watu wangeipita tu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Handeni, pale Chanika, ananunua kwangu viatu vya shule vya kwenda kuuza. Alikuwa ameshalipa 96,000, mzigo unaondoka Korogwe Jumapili na gari ya kwanza. Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, lami tupu, saa moja na nusu umefika. Yule mama akaniamini, akazima simu usiku akalala. Konda kafika stendi, kapiga simu mara tatu, haipatikani. Akarudi na mzigo. Mama anawasha simu asubuhi, anaingia WhatsApp kuniuliza, meseji haziendi. Anajaribu tena, tiki moja. Yeye ana bando, vocha ya kupigia hana. Pesa imeshaenda, mzigo haupo, muuzaji hapatikani. Wewe ungefikiria nini?

Sokoni Handeni habari haihitaji intaneti. Mpaka Jumatatu mchana wateja watatu walikuwa wamenitumia meseji za kawaida wakidai warudishiwe pesa zao. Nilimpata yule mama kwa bahati tu: namba niliyokuwa nayo ya WhatsApp ilikuwa laini asiyoitumia kupokelea simu, lakini kwenye meseji ya malipo kulikuwa na namba aliyolipia. Nikapiga, nikaomba radhi, nikalipa nauli ya mzigo mara ya pili. Wawili kati ya wale watatu hawakurudi hadi leo.

Sasa tuje kwenye kilichotokea hasa.

Ile Jumapili simu yangu ilikuwa na mtandao umejaa, vimistari vyote juu, lakini Instagram inazungusha tu duara. Wengi tunadhani intaneti inatoka kwenye mnara. Mnara ni kituo cha mwisho tu. Picha yako ya kiatu inatoka kwenye simu, inafika mnarani, inasafiri ndani ya nchi hadi Dar es Salaam, halafu kutoka Dar inaingia baharini kwenye mkongo, maana mitambo mikubwa ya WhatsApp na Instagram haipo kwetu. Mkongo ni waya mrefu uliolazwa chini ya bahari. Kwenye maji marefu unene wake haupiti sana mpira wa kumwagilia bustani. Ndani yake kuna nyuzi za vioo nyembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga, unawaka na kuzima mara mabilioni kwa sekunde. Huo mwanga ndo picha zako, ndo sauti zako, ndo “bei gani dada”.

Mikongo iliyokatika siku ile ni miwili, EASSy na Seacom, na ilikatikia upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. EASSy ina urefu wa kama kilomita 10,000, inatoka Afrika Kusini hadi Sudan, ikipitia na kwetu. Unaweza kuuliza, imekatika huko mbali, sisi inatuhusu nini? Hapo ndo nilipokwama muda mrefu, mpaka nilipofikiria barabara zetu.

Mzigo wa Kariakoo kuja Korogwe unapita Chalinze, Mkata, Kabuku, Segera. Tuseme barabara imekatika kati ya Mkata na Segera. Gari zitakunja Mkata, zipite Handeni, zitokee Korogwe. Inawezekana, kilomita 54 na zile 65, lakini magari yote ya kaskazini yakijazana humo, Handeni hapapitiki. Na hiyo ya Handeni ikikatika je?

Intaneti yetu ina mlango wa kaskazini, kupitia Bahari ya Shamu kwenda Ulaya, na mlango wa kusini kuzungukia Afrika Kusini. Februari 2024 mlango wa kaskazini ulishaumia. Meli moja ya mizigo, Rubymar, ilipigwa na kombora la Wahouthi wa Yemen, mabaharia wakaikimbia, ikabaki inaelea ovyo huku nanga iko chini. Inaaminika hiyo nanga ndo iliburuta na kukata mikongo mitatu, mmojawapo Seacom. Meli yenyewe ikazama mwezi Machi. Kwa hiyo kufika Mei sehemu ya mzigo ilikuwa imeshahamia kusini, na kusini nako pakakatika. Vita vya huko Yemen na kiatu changu cha shule cha Chanika, nani angejua vina uhusiano!

Ukali wa ile hali haukuwa kwetu wadogo tu. Hata Ubalozi wa Marekani pale Dar ulifunga huduma kwa umma wiki ile kwa sababu ya mtandao.

Kutengeneza mkongo si kazi ya siku moja. Wanatuma mwanga kwenye uzi kutoka nchi kavu, wanapima unachukua muda gani kurudi, hapo wanajua umekatika kilomita ya ngapi. Kisha meli maalum inakwenda pale, inashusha kulabu, inanasa ncha moja na kuipandisha, inanasa na nyingine, mafundi wanaunga nyuzi moja moja kwa joto, ndo wanaulaza tena. Meli za kazi hiyo ni chache. Sisi tulianza kupata nafuu baada ya siku chache kwa sababu makampuni yalihamishia mzigo kwenye njia nyingine, si kwa sababu mkongo ulikuwa umeshaungwa.

Na lile jua? Lilikuwa kweli, tena kubwa. Jua kila baada ya miaka kama 11 linachachamaa, na 2024 lilikuwa kwenye kilele. Lilirusha chembe zenye umeme na usumaku, na tarehe 10 Mei zikaipiga dunia kwa kiwango cha juu kabisa kwenye kipimo chao, ambacho kilikuwa hakijafikiwa tangu Oktoba 2003. Watu Ulaya na Marekani waliona anga jekundu na kijani usiku. Wakulima wa Marekani wanaoendesha matrekta kwa kufuata setilaiti walisimamisha kupanda kwa muda maana trekta zilikuwa hazijui ziko wapi. Kwa hiyo aliyesema dhoruba ya jua ni uongo, naye kakosea.

Ila dhoruba hiyo haitoi miale ya kukuunguza wewe uliyelala na simu pembeni ya mto. Hewa na usumaku wa dunia vinatukinga, na vurugu zake huwa kali zaidi karibu na ncha za dunia. Sisi Korogwe tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Inachoweza kusumbua ni setilaiti, redio za masafa marefu na nyaya ndefu za umeme. Mkongo je? Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo mwanga wa ndani hauna shida na jua. Mkongo una waya wa shaba pia, wa kulisha umeme vile vifaa vya kuongeza nguvu ya mwanga vilivyopangwa baharini kila baada ya makumi ya kilomita, na wataalamu wanaangalia upande huo. Lakini jua halikati mkongo vipande sehemu moja ya bahari. Kinachokata mara nyingi ni nanga za meli na nyavu za uvuvi.

Kimbunga nitakipitia haraka. Hidaya kilikuwa kitu cha ajabu kwa pwani yetu. Vimbunga hupata nguvu kwenye bahari yenye joto la nyuzi kama 27 kwenda juu, na huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia, ambao karibu na ikweta ni mdogo, ndo maana Msumbiji na Madagaska wanapigwa mara nyingi na sisi mara chache. Kilikuja juu ya msimu ambao tayari ulikuwa na mvua nyingi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari siku kadhaa kabla. Hakikukata mkongo. Ila kwangu mimi, kati ya zile habari tatu, hiyo ndo ilikuwa ya kunifanya nipange biashara upya: mzigo wa Kariakoo uwahi au usubiri, wateja wa Unguja waambiwe mapema maana boti zilisimama. Mimi wiki ile wala sikuangalia taarifa ya hali ya hewa. Nikaja kushtuka na jua.

Siku hizi habari ikiingia najiuliza kwanza: hii inagusa barabara, inagusa data, au haigusi kitu kwangu? Ya barabara nafuatilia kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kwa madereva wenyewe. Dereva wa Handeni akikuambia kuna maji barabarani, mwamini kuliko video isiyo na tarehe. Ya data nasubiri taarifa ya TCRA au ya kampuni ya simu. Isiyogusa kitu nasoma kwa raha zangu, situmi kwa mteja. Mteja alinipa namba yake kwa ajili ya viatu.

Kingine nilichojifunza, intaneti ikifa biashara haifi. Menyu ya malipo ya nyota na reli, kama *150*00# na wenzake, haitumii data. Inapita kwenye njia ya mtandao wa simu kama meseji za kawaida, ndo maana ile Jumapili watu walitoa na kupokea pesa huku WhatsApp imekufa. Lakini kuwa macho. Siku kama hizo matapeli wanafurahi sana. Anakupigia, “nimelipa, meseji imechelewa, mtandao si unauona,” au anakutumia meseji ya malipo aliyoitunga mwenyewe. Piga menyu, angalia salio lako mwenyewe, ndo umpe konda mzigo. Wiki ile ile mtu alinijaribu hivyo kwa pea sita, akaniona mgumu, akakata simu.

Na nina daftari. La karatasi, la shilingi elfu moja. Kila mteja ana jina, mahali alipo, na namba mbili: ya WhatsApp na ya kupiga. Kwenye mzigo naandika ya kupiga. Wapo wauzaji wana wafuasi maelfu Instagram, na ukiwauliza namba ya mteja mmoja hawana, iko humo humo ndani ya Instagram. Sasa ikizima?

Yule mteja wa Mombo nilimjibu kwa sauti, nikamwambia hiyo ni ya zamani, alale na simu ikiwaka, na kwamba mzigo wake unatoka kesho saa tatu. Akaniuliza, “kwa hiyo jua halina shida?” Nikamwambia lina shida zake, ila si hiyo. Akaniambia basi amuongezee na mdogo wake pea moja, namba 36.