Je, Wajua? Mnyoo wa Bukari

Je, wajua kwamba bukari (ugali) ya jana, ambayo ungewatupia kuku, inaweza kukuza samaki wa mapambo hapo hapo nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi? Si kwa kuimwaga kwenye tangi. Humo itaoza na kuchafua maji tu. Ilainishe kwa maji iwe uji mzito, itandaze kwenye kopo la plastiki kimo cha vidole viwili, nyunyiza hamira kidogo, kisha tia kijiko cha mbegu ya minyoo kutoka kwa mfugaji mwenzako. Baada ya wiki hivi, kuta za kopo zitang'aa kama zimepakwa ute wa bamia. Sogeza jicho: ule mng'ao unatembea! Ni minyoo maelfu, wembamba kuliko uzi, urefu wao kama milimita 2. Pangusa kwa kidole, suuza kidole tangini, uone vifaranga wa samaki wanavyokuja mbio.

Je, wajua kwamba mnyoo huyu, Panagrellus redivivus, hatagi mayai? Huzaa watoto walio hai. Ulaya alijulikana kwa kuishi kwenye vitambaa vya kuwekea glasi, vilivyolowa bia. (Wanywaji wa bia ya Simba, tulieni: chakula chake ni hamira na bakteria.)

Je, wajua kwamba samaki aina ya Tropheus wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa hata pande za Moba, hawafai kulishwa minyoo? Wao huparura mwani kwenye mawe. Chakula cha nyama huweza kuwavimbisha tumbo hadi kufa. Samaki aina ya Nothobranchius wa madimbwi ya mvua, hao ndio walaji wa viumbe hai. Mmoja wao, Nothobranchius malaissei, amepewa jina la François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Je, wajua kwamba Eisenia fetida, yule nyungunyungu mwekundu wa mboji, akishikwa hutoa majimaji ya manjano yanayonuka, na samaki wengi humtema? Wala usichimbe nyungunyungu kule ulikokuwa ukielekea moshi wa tanuru la shaba la Lubumbashi, lililoanza kazi 1911. Udongo wa huko umejaa metali.

Kopo la minyoo nalo lataka hewa bora: toboa kifuniko, ziba matundu kwa kitambaa, nzi wasiingie. Juni na Julai, baridi ikikaza, lisogeze karibu na mbabula (jiko la makaa), si juu yake. Uji ukigeuka maji na kuanza kunuka, chota kijiko kimoja, anzisha kopo jipya siku hiyo hiyo.