Ngoma, mgongo na kamba: jimnastiki ya wachimbaji mu Nyangezi

Siku ya kwanza tulipokusanyika ku kiwanja, mama mmoja muuza ndizi alisimama na beseni yake ku kichwa, akatuangalia muda mrefu, kisha akauliza: « Ninyi bazee, munarudi ku masomo? » Tulikuwa wanaume karibu ishirini, wengine na mvi, tunainama na kusimama sawa watoto wa primeri. Tulicheka pamoja naye. Lakini haikuwa mchezo, na ni mimi niliyeomba tufanye vile, basi nieleze sababu.

Hapa Nyangezi, kilometa karibu 30 toka Bukavu, mashamba hayatoshi tena. Kijana akimaliza shule, ao akikosa minervali, anashika barabara: Nzibira, Luhwindja, Kamituga. Anarudi ku sikukuu na pesa kidogo, na mara nyingi na mgongo unaouma. Mimi nilichimba miaka 12 mbele ya kuingia mu sindika. Leo, kufunga viatu asubuhi ni kazi kwangu.

Kuna kitu kingine nacho kinanisumbua. Miaka michache iliyopita, mu karyeri moja, mwenzetu kijana alianguka mu shimo, metre 6 hivi. Tulimukuta anaongea. Alituambia miguu anaisikia, lakini shingo inamuuma sana. Sisi, kwa haraka na huruma, mmoja akamushika mikono, mwingine miguu, tukamubeba sawa mbuzi mpaka barabarani, tukamukalisha ku moto katikati ya dereva na ndugu yake. Kufika kwa muganga, miguu hakuisikia tena. Leo anauza unite za telefone mbele ya nyumba ya mama yake, mu kiti cha magurudumu. Muganga hakutugombeza. Aliuliza tu: « Nani alimubeba? » Mwenye alishika miguu ni mimi.

Kwa hiyo tulipoanza mazoezi ku kiwanja, somo la kwanza halikuwa kukimbia. Ilikuwa kubeba mutu. Mwenye kuanguka kutoka juu, ao mwenye jiwe limemupiga mgongo, hasogezwi isipokuwa hatari iko juu yake: udongo unaendelea kuanguka, maji yanapanda, hewa imeisha. Kama hakuna hatari hiyo, anabaki palepale, afunikwe nguo, na mmoja tu, asiyebadilishwa, anapiga magoti kichwani na kushika kichwa kwa mikono miwili kisicheze. Wakati wa kumuinua, mushika kichwa ndiye mkubwa. Anahesabu moja, mbili, tatu, na wote wanamugeuza pamoja sawa mti mmoja, tunapitisha mlango ao mbao chini yake. Babu zetu walibeba wagonjwa mu kipoyi, mutu amelala, wanne wanatembea kwa hatua moja. Walikuwa na akili kuliko sisi na moto zetu.

Sasa mgongo. Kila mutu anajua kubeba mfuko wa kilo 50, ndiyo hivi tunasema. Hapana. Wengi wetu tunainama na miguu imenyooka, tunavuta mfuko kwa kiuno, tena tunageuka nao palepale. Ni kule kugeuka ndiko kunaharibu. Karibia mfuko mpaka uguse miguu yako, kunja magoti, uushike karibu na tumbo, simama kwa nguvu ya mapaja, na ukitaka kugeuka, geuka na miguu. Kwa mama zetu twangaise wanaoponda mawe kutwa nzima, shida ni mabega na kiuno: wabadilishe mkono, wasimame mara kwa mara, wanyooshe mgongo. Na vumbi! Vumbi la jiwe linaingia mu mapafu na halitoki tena, hata dawa ya kuliondoa haiko. Kunyunyiza maji ku mawe mbele ya kuponda kunasaidia zaidi kuliko kikwembe ku pua. Kikwembe kinazuia vumbi kubwa. Lile dogo ndilo linaua, nalo linapita.

Tulipofika ku kupasha mwili moto, vijana walikataa jimnastiki ya papa profesa, ile ya mikono juu, mikono chini. Mzee mmoja akatuma mtoto alete ngoma. Akapiga ile ya harusi. Mu dakika kumi kila mutu alikuwa anatoka jasho: magoti yamekunjwa kidogo, miguu inagonga chini, mabega yanaenda, kiuno kinazunguka. Viungo vyote tunavyotumia mu shimo vilipata kazi, na hakuna aliyeulizwa kupasha mwili moto. Sasa tunaanza kila mara na ngoma. Muuza ndizi yule anakuyaka pia, na anatushinda.

Tena ngoma kwetu haikuwa ya kufurahi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwalimu mmoja wa Marekani, Alan Merriam, alikuya hapa Bushi kurekodi nyimbo. Ameandika kwamba ku shamba moja la mzungu, wasichana wafanyakazi walikuya kumuchezea, na mu nyimbo zao walisema yale ambayo hawakuweza kumwambia patron uso kwa uso: chumvi na mafuta waliyozoea kupewa yamekatwa. Sisi wa sindika tunafikiri tulileta madai mu mkoa huu. Wale mabinti walitutangulia, tena bila karatasi wala muhuri.

Ngoma ilitusaidia mahali pengine ambapo sikutegemea. Mutolewaji wa Croix-Rouge aliyekuya kutufundisha kufinya kifua alisema: mutu asiyejibu na asiyepumua, mulaze chali ku kitu kigumu, weka kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono mwingine juu, mikono imenyooka, finya centimetre 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mara 30, kisha pumzi 2 mdomo kwa mdomo, na kuanza tena. Vijana walifinya kila mmoja namna yake, mwingine polepole, mwingine sawa anapigana. Mpiga ngoma akaanza kupiga mbili kwa kila sekunde, si zaidi. Wote wakaingia mu mdundo. Sasa hata watoto wanaosimama kando wanaujua ule mdundo, na mutu akichoka, mwingine anachukua nafasi bila kuukata. Kwa mwenye amekosa hewa mu shimo ao amezama mu maji, zile pumzi mbili ni za lazima, musiziruke.

Lakini mbele ya kumufinyia mutu kifua, lazima atoke mu shimo, na hapo ndipo tunapoteza watu wawili, watatu kwa mmoja. Mutu anaanguka chini, ndugu yake anamufuata, naye analala. Hewa mbaya haina harufu. Motopompe ikiwekwa ndani ya shimo, moshi wake unaua hata kama unaona mwanga vizuri na mushumaa unawaka. Wazee wanaamini mushumaa. Mushumaa ukizimika, ni kweli, hewa imepunguka, panda juu mara moja. Lakini mushumaa ukiwaka, hiyo haisemi kwamba moshi wa mashine hauko. Motopompe inabaki nje, mbali na mdomo wa shimo, upande ambako upepo hauleti moshi ndani. Na hakuna anayeshuka kumufuata mwenzake kama hajafungwa kamba kiunoni, watu wawili wameishika juu, na hewa haijasukumwa ndani kwanza. Ninajua ni vigumu kusimama juu wakati ndugu yako analala chini. Sema na PDG wako leo kuhusu kamba, si siku ile.

Sheria nayo inasema: Code minier ilivyorekebishwa mwaka 2018 inaweka metre 30 kuwa mwisho wa kina kwa uchimbaji wa mikono. Kila mmoja wetu anajua mashimo yanayopita hapo. Na mvua haisomi sheria. Ijumaa tarehe 11 septemba 2020, ku Kamituga, pale Detroit, mvua kubwa ilileta maji mu mashimo na wachimbaji walifungiwa ndani. Gavana alitangaza watu 50 na siku mbili za kilio. Mvua ikianza kunyesha ku kilima cha juu, hata kama kwako jua linawaka, toka. Zaidi, udongo ulioloa jana unaanguka leo.

Radi pia. Milima yetu na Lac Kivu ni kati ya mahali ambapo radi inapiga sana mu dunia nzima. Ukisikia ngurumo, usikimbilie chini ya mti ao ya ile hema la plastiki ku kilele. Weka chini chuma unachobeba, teremka, ingia mu nyumba ya kweli ao mu gari. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mushike bila woga. Ukiona hapumui, ni mdundo uleule wa ngoma.

Damu: finya palepale na kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila kuchungulia. Wengi tunachungulia kila dakika, na damu inaanza upya. Musiweke udongo, kahawa wala unga wa pile. Kama ni mkono ao mguu na damu inaruka bila kusimama, funga kikwembe kipana juu ya kidonda, si waya wala kamba nyembamba, kaza na kijiti, na andika saa ku paji la uso wake. Usifungue, atafungua muganga.

Na jiwe lililolala ku mguu wa mutu. Kama ni dakika chache tu, ao liko ku kifua, liondolewe mara moja. Kama ni masaa, mutu anaongea na anaomba maji, tuma kwanza mutu ku kituo cha afya alete muganga na serumu. Nyama iliyobanwa inatengeneza sumu. Jiwe likiondoka, sumu inakimbia ku moyo na ku figo. Watu wanashangaa: alitoka mzima, akakufa usiku.

Tunakutana kila jumamosi mbele ya saa sita, kiwanja kile kile. Wake na watoto wanakuya pia, maana yule anayepata aksida nyumbani, ku shamba ao barabarani kule Ngomo, hamungojei papa arudi toka Kamituga. Jumamosi iliyopita tulimufundisha binti wa miaka 13 kushika kichwa. Tulimulaza mimi mwenyewe chini, sawa mgonjwa, na yeye akahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti kubwa. Watu wanne wakaniinua. Shingo haikucheza hata kidogo.