Mtoto mnene si lazima awe mtoto mwenye afya

Katika nyumba nyingi za Muyinga, mtoto mnene bado ni sifa kwa wazazi wake. Mfanyabiashara anayevuka Kobero kwenda Kabanga hutaka faida yake ionekane mezani: asubuhi mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi, mchana soda, jioni biskuti. Maharage huachiwa wasio na uwezo.

Fikra hiyo inaeleweka. Sisi tuliosoma katika kambi za wakimbizi nchini Tanzania tulikula mgao wa unga wa mahindi na maharage miaka nenda, miaka rudi. Aliyerudi nyumbani na kupata senti zake hapendi mwanawe aonje tena sufuria ile. Hata hivyo, kwa afya ya mtoto, sufuria ile inaishinda soda.

Mwaka 1981, Dkt. David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitoa kipimo cha jinsi vyakula vinavyopandisha sukari katika damu. Glukosi hupewa 100. Mkate mweupe hufikia 70 na zaidi, ilhali maharage hubaki chini ya 55. Chakula cha kiwango cha juu huyeyuka haraka tumboni. Sukari hupanda, kisha hushuka, na mtoto anadai kula tena. Maharage huyeyuka polepole, hivyo hushiba kwa muda mrefu.

Kipimo hiki peke yake hakitoshi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban vijiko 8 vya chai vya sukari, na haishibishi.

Ni kweli kwamba tatizo kubwa la Burundi bado ni utapiamlo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kuwa watoto 56 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini mtoto aliyedumaa, kisha akanenepa haraka, yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari ukubwani. Maharage, ndagala na mboga huwafaa wote wawili, aliyedumaa na aliyenenepa.

Mzazi afanye nini? Asimnyime mtoto chakula, kwani bado anakua. Abadilishe sahani: ugali upungue kidogo, maharage yaongezeke, pamoja na lengalenga au sombe, ambayo wenzetu wa Ngara huiita kisamvu. Viazi vitamu vichemshwe badala ya kuchomwa. Maji yachukue nafasi ya soda, na mtoto aachwe acheze.

Tahadhari moja ni muhimu. Si kila mtoto aliyejaa uso na miguu ni mnene. Huenda ana kwashakoo. Bonyeza miguu yake yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia kwa mtoto anayekunywa maji mno, anayekojoa mara kwa mara na kukonda ghafla, maana hizo ni dalili za kisukari.

Muyinga inalima maharage. Gunia linapouzwa lote ili kununua kreti za soda, nyumba imepata hasara isiyoandikwa kwenye daftari la biashara.