Kiingereza, Kusoma na Kuchora katika Shule za Sekondari

Wazee wengi hustaajabu waonapo mtoto aliyeshinda vizuri darasa la saba, akaingia Kidato cha Kwanza kwa furaha ya ukoo mzima, kisha akarudi likizo ya kwanza amenyamaza, na daftari lake limejaa maneno asiyoweza kuyaeleza. Hudhani ya kuwa mtoto amekuwa mvivu. Mara nyingi sivyo, na sababu yake yafaa ijulikane na kila mzazi.

Tangu mwaka 1967 masomo ya shule za msingi za serikali yamefundishwa kwa Kiswahili, nacho Kiingereza ni somo moja tu miongoni mwa mengine. Afikapo sekondari mambo hugeuka ghafula: hesabu, elimu ya viumbe, jiografia, vyote huandikwa kwa Kiingereza, na mtihani pia. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kitumike hata sekondari, lakini shauri hilo halikutimizwa. Mtoto wa Mbesa, katika wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, ana mzigo zaidi kuliko wengi. Nyumbani aghalabu husema Kiyao. Kiswahili alikipata zaidi shuleni. Basi Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, wala hakisikii sokoni wala shambani.

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii. Waliona ya kuwa katika Kidato cha Nne ni karibu mmoja tu kati ya kumi aliyefikia kiasi ambacho mtu aweza kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Yaani wengi walimaliza masomo kabla ya kufika mahali pa kuyaanzia! Baada ya habari hiyo, mwaka 1987 ulianzishwa mpango wa kuzisaidia shule za sekondari, na sehemu yake kubwa ilikuwa kupeleka vitabu vyepesi vya kusoma.

Kwa nini vitabu vyepesi, si vitabu vya sarufi? Maana neno halikai kichwani kwa kuandikwa ubaoni mara moja. Hukaa kwa kukutana nalo mara nyingi, mahali mbalimbali. Bwana Michael West, aliyefundisha Bengal, huko Bara Hindi, zaidi ya miaka tisini iliyopita, aliandika vitabu vya hadithi kwa maneno yaliyohesabiwa, machache kwanza, kisha mengi kidogo kidogo. Vitabu vya namna hiyo vingalipo. Mwalimu aweza kumpimia mwanafunzi hivi: asome ukurasa mmoja, akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Akimaliza vidole vya mkono mmoja kabla ya kufika mwisho, kitabu hicho ni kigumu, apewe chepesi zaidi. Asione haya. Kijana wa Kidato cha Pili asomaye hadithi ya kitoto na kuifahamu hupata faida kuliko yule abebaye kitabu kinene kwa fahari.

Jambo hili lilijaribiwa katika shule za vijijini za visiwa vya Fiji, ambako Kiingereza si lugha ya watoto. Mabwana Elley na Mangubhai walitangaza habari zake mwaka 1983. Madarasa yalipewa vitabu 250 vya hadithi, na watoto wakasoma nusu saa hivi kila siku. Kwa muda wa miezi minane walisonga mbele katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao, na mwaka wa pili faida ilionekana hata katika masomo mengine.

Sasa twaja kwenye kuchora, ambako wengi hukuita mchezo. Lakini tazameni karatasi ya mtihani wa elimu ya viumbe: mwanafunzi huambiwa achore ua, au moyo, na aandike jina la kila sehemu. Katika jiografia huchora ramani. Mkono uliofundishwa kuchora hushika umbo, na jina la Kiingereza hukaa pamoja na umbo lile. Kadhalika mwalimu wa Kiingereza amwambiapo mwanafunzi achore yale aliyoyasoma, huona mara moja kama ameyafahamu au la, hata kama hana maneno ya kutosha ya kujieleza. Makaa ya jikoni na upande wa nyuma wa karatasi kuukuu hutosha.

Tena Tunduru haina haja ya kuomba mfano wa mchoraji kutoka mbali. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe, alizaliwa katika wilaya hiyo mwaka 1932. Hakupata elimu ya sekondari. Alifanya kazi Tanga katika mashamba ya mkonge, akaenda Dar es Salaam, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao nyembamba za mraba, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, kazi yake ikiwa haijadumu miaka mitano. Lakini wanafunzi wake waliiendeleza, na leo picha za namna ile hununuliwa na wageni wa kila nchi.

Kwa shule isiyo na chumba cha maktaba, sanduku la mbao lenye kufuli latosha kwa kuanzia. Liinuliwe juu ya mawe, maana mchwa hawachagui lugha. Mwanafunzi mmoja apewe daftari la kuandika nani ameazima nini, na siku ya kurudisha. Wakubwa wa vijiji na wazazi waweza kuchangia bei ya sanduku na ya vitabu vichache. Na mwalimu atenge nusu saa kila siku ya kusoma kimya, isiyo na maswali wala alama.